Kadi ya Jumamosi

Mama Funguo alikuwa amelala mahabusu siku mbili, na kitu alichokuwa akikiomba kuliko vyote ni ufagio.

"Sakafu hii inatia aibu," alimwambia Inspekta asubuhi ya Jumatano, amesimama nyuma ya nondo na kitambaa chake kichwani. "Nipeni hata ule uliovunjika mpini. Nikikaa bure nawaza."

"Unawaza nini?"

"Mama yangu. Hawezi kujigeuza kitandani. Jirani alisema atamwangalia siku moja, afande, na siku yenyewe ilikwisha jana."

Inspekta alivuta kiti cha askari wa zamu, akakaa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mnene kiasi, mpole wa sauti, na mwenye subira iliyowakera wenzake. Kituoni walimwita Bi Taratibu nyuma ya mgongo wake, nao walidhani hajui.

"Niambie tena habari za Jumamosi," alisema.

"Nimeshakuambia mara tatu."

"Nihesabie ya nne."

Mama Funguo akashusha pumzi. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mfagiaji wa Ofisi ya Kamusi, walikotunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, na jina hilo alilipata kwa sababu ya rundo la funguo lililomning'inia kiunoni. Jumamosi aliingia saa tatu, akafagia chini, akapanda juu kwenye chumba cha kadi za mifano ya maneno. Mhariri mkuu, ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Kamusi, alikuwa mezani kwake.

"Mwezi uliopita nilitupa kapu lake la kadi, nikidhani ni taka. Alifoka jengo zima likasikia. Basi Jumamosi nikaishia mlangoni. Nikamwambia, leo siingii humo, Mzee, kadi zako zisije zikanisingizia tena. Akacheka, akainama kuandika, ndiyo kazi yake. Mimi nikashuka zangu nikafagia ngazi. Saa sita nikatoka."

"Ulifunga mlango wa juu?"

"Nimfungie mtu ndani, mimi? Ana nini hata nimfungie?"

Hilo ndilo lililokuwa swali la kesi nzima. Jumatatu asubuhi Mama Funguo na Karani wa ofisi walifungua chumba cha kadi, wakamkuta Mzee wa Kamusi amelala sakafuni kando ya kabati la chuma, kisogo kimepasuka, amekwisha kuwa wa baridi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Funguo zake zilikuwa mbili tu. Mmoja ulikuwa kiunoni mwa Mama Funguo, na wa pili ulining'inia kwenye msumari chini ukumbini, mahali pake pa siku zote. Kitabu cha getini kilionyesha kwamba Jumamosi waliingia watu wawili, Mzee na mfagiaji, na ni mfagiaji peke yake aliyetoka. Ugomvi wao wa kapu ulijulikana mpaka kwa mafundi wa karakana ya jirani. Tena chumba kilikuwa kimepangwa vizuri, hapakuwa na hata karatasi moja sakafuni. Mwendesha mashtaka aliuliza kwa kejeli nani hupanga vyumba mle kama si yeye.

Ripoti ya daktari ilikuwa na mstari mmoja ambao Inspekta aliukunja ndani ya mkoba wake na hakumwambia mtu wa ofisi ile. Ulisema kwamba Mzee hakufa pale pale. Alilala hajiwezi, na alikata roho jua lilipokuwa linatua.

Mkuu wa kituo alimngoja Inspekta kwenye korido. Alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi na mitano, na alimwita mama kila alipotaka kumharakisha.

"Mama, faili liende kwa mwendesha mashtaka saa nane mchana."

"Na likienda na mtu asiyehusika?"

"Hakimu atamwachia."

"Baada ya miezi mingapi?"

Mkuu akatazama saa yake.

"Na yule bibi kizee atageuzwa na nani miezi yote hiyo?" Inspekta aliuliza.

"Saa nane, mama," alisema Mkuu, na akaingia ofisini kwake.

*

Ofisi ya Kamusi lilikuwa jengo la ghorofa moja, limebanwa kati ya duka la vioo na karakana ya fanicha. Msumeno wa karakana ulinguruma kutwa, Jumamosi ukiwamo. Mtu angeweza kupiga kelele juu kule mpaka sauti ikauke na asisikike na yeyote.

Waliobaki pale kazini walikuwa wawili. Karani alikuwa mama wa watoto wawili, mwepesi wa vidole na wa machozi, kazi yake kupiga chapa kurasa zilizokamilika. Mwingine alikuwa Naibu mhariri, mwanamume wa miaka sitini, mrefu, aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Alikuwa amefanya kazi na marehemu miaka thelathini na moja. Jana yake Inspekta alikwenda nyumbani kwake kuchukua maelezo. Alikuta chumba safi chenye kitanda, meza, kikombe kimoja na kiti kimoja. Inspekta alikalia kile kiti, Naibu akasimama saa nzima. Majirani walipoulizwa habari zake walisema, aa, yule wa mlango wa kijani, lakini hawakujua jina lake.

Inspekta alianza na Karani, kwa kuwa Karani alikuwa amedanganya.

"Jumamosi ulikuwa mgonjwa."

"Ndiyo, afande. Tumbo."

"Tumbo hilo lilivaa sketi ya bluu na viatu virefu, likapanda ngazi za kampuni ya bima mtaa wa pili. Bawabu wao analikumbuka sana."

Karani akafunika uso kwa viganja. Inspekta akamwachia muda. Kwa dakika mbili hizo alijiuliza kama anamtazama muuaji, na akaona bora angoje kuliko kukisia.

"Nilikwenda kwenye usaili wa kazi," Karani alisema mwishowe. "Kuanzia saa tatu mpaka saa kumi. Nilikuwa wa mwisho kwenye foleni, waulize. Ila nakuomba usimwambie Naibu."

"Kwa nini?"

"Atabaki peke yake hapa. Mzee kaondoka, na mimi nikiondoka, asubuhi atamsalimia nani?"

Inspekta akafunga daftari. Bawabu alikuwa ameshataja saa zile zile. Njia hiyo ilikuwa imekwisha, na saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu.

Kwenye meza ya Karani palikuwa na trei ya waya, tupu. Nyingine kama hiyo, nayo tupu, Inspekta aliiona Jumatatu kwenye meza ya marehemu.

"Hizi trei za nini?"

"Ya kwangu ni ya kurasa. Ile ya Mzee ni ya kadi mpya. Mtu akishaandika kadi anaiweka kwenye trei, haipeleki kwenye droo yeye mwenyewe. Lazima mwenzake aisome, aipige alama ya vema, ndipo huyo mwenzake aiweke mahali pake. Mzee alisema macho ya aliyeandika hayaoni makosa yake."

"Wewe unasoma?"

"Mimi? Hata kugusa droo siruhusiwi. Mzee anamsomea Naibu, na Naibu anamsomea Mzee. Kila Ijumaa jioni Naibu humaliza trei yote."

"Mzee akija Jumamosi?"

"Lo, hapo Jumatatu unakuta trei imefurika."

"Jumamosi hii alikuja."

Karani alimkodolea macho. "Jumatatu ilikuwa tupu," alisema polepole. "Labda siku ile hakuandika kitu."

"Labda. Mlango wa nyuma una funguo ngapi?"

"Mmoja tu. Anao Naibu, tangu mimi sijaajiriwa."

Inspekta alinyanyuka, akachukua mkoba wake, na akaomba aitiwe Naibu.

*

Alitoa utepe wa polisi mlangoni kwa mkono wake. Chumba cha kadi kilikuwa kirefu na chembamba, droo za mbao zimejaa ukuta mzima mpaka darini, kila moja na herufi zake. Kwenye kona kulikuwa na kistuli cha kupandia, na karibu yake kabati la chuma lenye pembe kali. Ubaoni Mzee alikuwa ameandika kwa chaki neno moja la Kiingereza, enter.

"Hilo ndilo neno la wiki?" Inspekta aliuliza.

"La wiki ya tatu," alisema Naibu. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. "Mzee alikataa kuliacha."

"Neno dogo hivyo?"

"Madogo ndiyo yanayoua." Akajishtukia. "Samahani. Tulizoea kusema hivyo hapa."

"Karibu ndani. Nieleze linavyokwenda. Mimi Kiingereza changu ni cha kuandikia ripoti."

Naibu akaingia, na mara alipofika kwenye droo ya herufi E uso ulimbadilika, akawa mtu mwingine. Alivuta droo nje, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Maana ya kwanza ni ya mlango. Mtu yuko nje, anakuwa ndani. Hiyo ina kadi tisini na mbili. Ya pili ni kujiunga, jeshi, chuo, chama. Ya tatu, kuandika jina la mtu katika kitabu, kama kile cha getini. Ya nne, kushiriki mashindano. Ya tano, kuanza kipindi. Unaweza kuingia mwaka wa sitini wa maisha yako na usihisi lolote."

"Na ya sita?"

"Kitu kupenya mwilini. Msumari, risasi."

"Hiyo naifahamu."

"Ya saba ni ya makubaliano, watu wawili kuingia mkataba. Ya nane ni kitufe cha kompyuta, Mzee hakukipenda hata kidogo. Ya tisa, Mwingereza husema wazo limeingia kichwani mwake, sisi tunasema limetujia. Ubishi wa siku nne, hiyo tisa." Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Halafu Mzee akaanza kuorodhesha kuingia kwetu ambako wao hawana. Kuingiwa na hofu. Kuingiwa na baridi. Kuingia mitini."

"Hao wa mitini ndio ninaowatafuta miaka thelathini sasa."

Naibu akacheka kidogo.

"Sentensi hizi mnazitunga wenyewe?" Inspekta aliuliza.

"Hatutungi." Sauti yake ilikauka. "Kila mfano lazima uwe umetoka kinywani mwa mtu. Tunaandika sentensi, tarehe na aliyesema. Ukitunga, unamfundisha msomaji lugha isiyo na wenyewe."

Inspekta alivaa miwani. Alianza kusoma kadi za maana ya kwanza moja baada ya nyingine, hana haraka, ingawa saa ilikuwa sita na robo. Miandiko ilikuwa miwili. Wa Mzee ulikuwa mkubwa na wenye vurugu, na watu wake walikuwa wa njiani: muuza magazeti, kondakta, muuguzi, binti yake kwa simu. Wa Naibu ulikuwa mdogo, umelala upande, na watu wake walikuwa wa nyumbani. *Watoto wameingia na matope, sebule yote imechafuka*, shemeji. *Ingia bwana, usisimame hapo kama mgeni*, kaka mkubwa. *Jana uliingia saa ngapi? Sikukusikia*, dada. *Kila akiingia yeye, kicheko nacho kinaingia*, shemeji tena.

Alisoma kadi thelathini za namna hiyo. Zilikuwa nzuri, zenye uhai kuliko zile za Mzee. Alikumbuka kile chumba chenye kiti kimoja.

"Kwako kuna watu wengi," alisema, macho kwenye kadi.

Naibu alizisawazisha kadi zilizobaki kwenye droo.

"Hawa shemeji na kaka wanaishi wapi?"

"Mbali."

"Dada yako alikwambia haya kwa barua? Au kaka?"

"Inspekta, sidhani kama jambo hili lina uhusiano na kifo."

"Huenda halina," alikubali Inspekta, akaendelea kusoma.

Kadi ya mwisho ya maana ya kwanza ilikuwa na mwandiko mkubwa wenye vurugu. Aliisoma mara mbili. Kisha akaichomoa, akaiweka mezani, akaigeuzia upande wa Naibu.

"Nisomee hii, kwa sauti."

Naibu akainama. Akasoma: "'Leo siingii humo, Mzee, kadi zako zisije zikanisingizia tena.'"

"Msemaji?"

"Mfagiaji. Mlangoni."

"Mwandiko wa nani?"

"Wa Mzee."

"Tarehe?"

Naibu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. "Jumamosi."

"Maneno hayo hayo nimeambiwa mara nne na mwanamke aliye nyuma ya nondo, na hakuna aliyemwamini. Sasa nisaidie, maana wewe ndiye mjuzi. Kadi imeandikwa Jumamosi. Mimi nimeitoa ndani ya droo, nyuma ya kadi ya Ijumaa na mbele ya maana ya pili, mahali pake hasa. Mzee alizoea kuweka kadi zake mwenyewe?"

"Huenda siku hiyo..."

"Miaka thelathini na moja. Aliwahi hata mara moja?"

Msumeno wa karakana ulipiga kelele, ukakata, ukanyamaza.

"Hakuwahi," Naibu alisema.

"Mama Funguo hajasoma Kiingereza hata siku moja, asingejua droo ni ipi. Karani alikuwa kwenye jengo lingine mpaka saa kumi, tena droo hizi hazigusi. Jumatatu mlango ulifunguliwa mbele ya watu wawili, na tangu hapo una utepe wangu. Na hapa pembeni kuna alama ya vema, kwa penseli nyekundu. Penseli iko kwenye mfuko wa shati lako, naiona kutoka hapa."

Mkono wa Naibu ulipanda kifuani wenyewe, ukashuka. Alitafuta pa kukaa, na kwa kuwa kiti kilikuwa cha marehemu, akakaa kwenye kistuli. Alipogundua amekalia nini, alinyanyuka mara moja, akaegemea ukuta.

Inspekta alimweleza haki zake, kwamba anaweza kunyamaza, kwamba atakachosema kitaandikwa. Naibu alisikiliza kwa makini, kisha akasema angependa kiandikwe.

"Mzee aligundua kwa sababu ya neno hili," alianza. "Lingekuwa neno lingine asingegundua. Ijumaa jioni aliniambia, 'Naibu, kwako wanaingia watu sana.' Alikuja kwangu mara moja tu, nilipougua mwaka juzi. Alikaa kwenye kile kiti."

"Ulikuwa unatunga."

"Kadi elfu kumi na moja." Alizitaja kama mtu anavyotaja umri wake. "Ningesikia wapi, Inspekta? Nikifunga mlango wangu jioni, mpaka asubuhi sisikii sauti ya mtu. Nilianza na moja. Mtu anamwambia mwenzake avue viatu kabla hajaingia, basi. Nikaipenda. Nikampa shemeji aiseme. Kesho yake nilitembea kutwa nzima nafikiria shemeji atasema nini tena."

"Jumamosi?"

"Nilikuja kumwomba. Niliingia kwa mlango wa nyuma ili Mama Funguo asiniulize maswali, lakini nikakuta ameshaondoka. Mzee alikuwa amepanda kistuli, anateremsha droo zote zenye kadi zangu. Alisema zitachomwa. Alisema amenilea, na mimi nimemlisha watu hewa miaka yote. Nikaishika droo, naye alikuwa ameishika. Nikavuta."

"Akaanguka."

"Kwenye pembe ile." Hakuitazama. "Kadi zilitawanyika chumba kizima. Nikaziokota. Nilizipanga zote, neno kwa neno, maana kwa maana. Na hizo mpya zilizokuwa kwenye trei nikazisoma, nikazipiga alama, nikaziweka. Ilichukua kama saa mbili, kisha nikafunga mlango kwa ufunguo wa msumarini, nikaurudisha mahali pake."

"Na yeye amelala pale."

"Alikuwa amekufa."

Inspekta alifungua mkoba. Angeweza kuliacha jambo hilo kwa wakili, au kwa hakimu. Lakini aliona si haki lisemwe mbele ya ukumbi uliojaa watu. Akaifungua ile karatasi.

"Daktari anasema alikuwa hai mpaka jua linatua."

Naibu aliitazama ile pembe kwa mara ya kwanza.

"Basi alikuwa ananisikia."

"Sijui."

"Nilikuwa nasoma kwa sauti," Naibu alisema. "Sisi husoma kwa sauti."

Inspekta alivua miwani. Alijisikia mchovu, na alimwonea huruma mtu huyu, na alimkasirikia, yote kwa pamoja.

"Kadi hii uliisoma. Ungeweza kuichana."

"Ilikuwa ya kweli." Alionekana kushangazwa na swali. "Ile imesemwa na mtu. Siwezi kuchana."

"Lakini huyo aliyeisema ulimwacha akae mahabusu siku mbili."

Naibu alitoa ufunguo wa mlango wa nyuma, akauweka mezani kando ya kadi, akauliza kama anaweza kurudisha droo mahali pake kabla hawajaondoka. Inspekta alimwambia hapana, ni kielelezo.

*

Walifika kituoni saa saba na dakika ishirini. Mkuu wa kituo alisoma maelezo amesimama, akayasoma tena amekaa, na akasema, "Sawa, mama," bila kuongeza neno.

Ilibaki fomu. Inspekta aliijaza yeye mwenyewe, Naibu akijibu kutoka upande wa pili wa meza: umri, kazi, mahali anapoishi. Walifika kwenye mstari wa ndugu au mtu wa karibu wa kuarifiwa.

"Iache wazi," Naibu alisema.

"Ikiwa wazi hairuhusiwi."

Inspekta aliujua mstari ule. Kwenye faili lake la kazi, mstari huo ulikuwa na namba ya dada yake, na dada yake alikuwa amezikwa miaka sita iliyopita. Kila mwaka alipewa fomu aibadilishe, na kila mwaka aliirudisha vile vile. Alingoja bila kumharakisha.

Naibu alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta droo.

"Andika Mama Funguo."

Inspekta aliinua kalamu. "Yupi?"

"Ndiye huniuliza nimeamkaje. Kila siku, akiwa kwenye ngazi. Jina lake lingine silijui."

Inspekta aliandika, kwa sababu kazi yake ni kuandika anachoambiwa. Kisha akachukua funguo za mahabusu, akashuka.

Mama Funguo alikuwa ameshajua. Habari kituoni zina miguu. Alikuwa amefunga kitambaa upya na kusimama tayari mlangoni.

"Naibu?" alisema. "Yule anayesubiri sakafu ikauke ndipo akanyage?"

"Huyo huyo. Uko huru. Nimemwambia dereva akupeleke mpaka nyumbani."

Mama Funguo alitoka hatua mbili, akasimama kwenye korido, kama vile miguu haikuamini. Inspekta alisita, kisha akamwambia habari za ule mstari. "Nitaufuta ukitaka. Ni haki yako."

"Kanitaja mimi?"

"Ndiyo."

"Hana mtu kabisa?"

"Hana."

Mama Funguo alitazama ile sakafu chafu. "Mama yangu amelalia ubavu mmoja tangu jana," alisema. "Yeye anajua, na anakunywa chai yake."

Inspekta alijua kwamba ni kweli.

"Liacheni," Mama Funguo alisema mwishowe. "Lakini mwambie mimi sitakuja." Akapita, akashika njia ya nje, na kufikia mlango wa mbele alikuwa karibu kukimbia.

Walipomleta Naibu chini, chumba kilikuwa kile kile. Alikaa kwenye benchi, mikono magotini, akamtazama Inspekta kupitia nondo.

"Amekubali?"

Katika miaka thelathini ya kazi Inspekta hakuwahi kupunguza neno katika maelezo ya mtu. Wakubwa walimlaumu kwa mengi, kwa hilo hawakuwahi.

"Amesema jina liachwe," alimjibu, na mengine akayameza.

Naibu aliitikia kwa kichwa. Alinyoosha sweta lake, akajisogeza mpaka mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu wa pili kukaa.